Silinda Mbili, Mpimaji Mmoja

“Mwambie mdogo wako,” baba alisema, “hiyo rangi yake itabanduka kabla ya mvua za kwanza.”

Mdogo wangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, amekumbatia silinda kifuani, na masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

“Mwambie baba,” akajibu, akinitazama mimi, “hii si rangi.”

Mimi nilikuwa katikati yao, geji ya kupimia matundu mkononi. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, watoto wawili, na cheti cha ufundi mitambo kilichotundikwa ukutani juu ya kichwa changu, na kazi yangu kubwa asubuhi ile ilikuwa kupokea maneno kwa mtu mmoja na kuyakabidhi kwa mwingine aliyekwisha kuyasikia. Sikumwambia mtu chochote. Nilimnyang'anya mdogo wangu ile silinda, nikaiweka mezani kando ya silinda ya baba, nikaanza kupima. Geji angalau hainitumi kwa mtu.

Ilikuwa miezi saba tangu waache kusemeshana.

Karakana yetu ilikuwa ya kuchonga silinda na kuingiza laina. Injini ikichakaa, pistoni hupanda na kushuka ndani ya tundu lililokwisha kupanuka. Moshi unatoka, oili inaliwa, nguvu zinakwisha. Hapo baba alikuwa akilichonga lile tundu liwe pana zaidi, kisha anasukumiza ndani yake laina, yaani bomba jipya la chuma, na pistoni inaanza maisha upya. Alifanya hivyo kwa miaka thelathini na miwili. Mtaani walimwita Mzee Chuma, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mdogo wangu naye alikuwa amekwenda kufanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha mji mwingine, kiwanda kinachotengeneza silinda za alumini zisizo na laina kabisa. Kule silinda inajazwa maji ya nikeli yaliyochanganywa na unga mgumu, umeme unapitishwa, na ukuta wa tundu unavaa mpako mwembamba kama unywele. Alirudi amejaa maneno. Mpako hauchakai. Mpako unapitisha joto haraka. Mpako hauongezi uzito. Nilimpenda mdogo wangu, nampenda hadi leo, lakini kuna Jumapili nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa cha oili ili tule kwa amani.

Kisha ikaja ile siku. Mteja alileta silinda ya pikipiki, ya alumini, yenye mpako uliokwaruzika. Baba akaifunga kwenye mashine aichonge, apate nafasi ya laina, kama alivyofanya mara elfu kadhaa. Kisu cha mashine kikapiga kelele, kikateleza, kikavunjika ncha. Akaweka kingine. Nacho kikavunjika. Mteja alikuwa amesimama pale pale, mikono mifukoni, anaangalia. Na mdogo wangu, ambaye angeweza kunyamaza, ambaye Mungu alimpa midomo miwili ya kufunika meno, akacheka.

“Baba, hiyo hailiki.”

Basi. Baba alizima mashine, akavua miwani, akaenda nyumbani saa nne asubuhi. Toka siku hiyo hakumsemesha tena. Na mdogo wangu, badala ya kuomba radhi kama mtu aliyelelewa, akashikilia kwamba hana kosa, kwa sababu kweli ilikuwa hailiki! Nilikwenda kumlalamikia mama. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mimi nilikuzaa wewe kwanza ili nipumzike,” akaongeza sauti ya redio.

Wazo la mashindano lilikuwa la baba, lakini lilipita kinywani mwangu, kama kila kitu.

“Mwambie mdogo wako hivi,” alisema. “Injini mbili za aina moja. Moja naitia laina, nyingine aipake anavyojua. Zifanye kazi saa mia sita. Hiyo rangi yake ikichakaa kidogo kuliko laina yangu, namwachia chumba cha nyuma, alete matangi yake humu ndani, tufanye kazi pamoja. Ikichakaa zaidi, akapake masufuria, na habari hiyo nisiisikie tena katika nyumba yangu.”

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Mdogo wangu wakati huo alikuwa amepanga kibanda kidogo nyuma ya stoo ya mbao, anapaka silinda moja moja kwenye tangi la kuazima, na alikuwa amepata wito wa kurudi kule kiwandani. Alikuwa anangoja. Hakusema anangoja nini, lakini mimi nilijua, maana kila jioni alipita mbele ya karakana polepole kuliko mtu mwenye safari. Akishinda, anarudi kwetu. Akishindwa, anaondoka. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na mtu wa kuamua alikuwa mimi, kwa kuwa katika ulimwengu mzima ni mimi peke yangu ambaye wote wawili walikubali vipimo vyake.

Injini tulizipata kwa jirani, Muosha Magari, mtu mchangamfu aliyekuwa na pampu mbili za maji zilizokufa, kila moja na injini yake ndogo ya alumini tupu isiyo na mpako, pacha kabisa. Tulimwambia tutazifufua zote mbili, sharti azitumie sawasawa na aziandike saa zake. Akacheka hadi akashika tumbo. “Mzee na mwanawe wanagombana, mimi naoshea magari!”

Asubuhi ile niliyoanza nayo hadithi hii ndiyo tuliyopima silinda zote mbili zikiwa mpya. Nilipomaliza nilikuwa nimetumwa mara kumi na moja. Nilihesabu. Hapo nikaapa kwamba watu hawa hawatakaa tena chumba kimoja mbele yangu, nikapanga utaratibu. Injini ya baba itafunguliwa asubuhi, kwa kuwa baba ni mtu wa alfajiri. Injini ya mdogo wangu itafunguliwa baada ya chakula cha mchana, baba akiwa amekwenda nyumbani kulala kidogo. Hawataonana. Mimi nitapima kwa utulivu, nitaandika kwenye daftari, na kila mtu atasoma kwa wakati wake. Niliona nina akili nyingi. Nilimwambia hata mume wangu jinsi nilivyo na akili.

Kwetu milimita moja tuliigawa mara mia, na kila kipande tukakiita chembe. Unywele wa kichwa una chembe sita au saba. Silinda ikipanuka chembe kumi imezeeka; ikipanuka chembe moja, bado ni msichana.

Saa mia za kwanza zilipotimia, baba alizima injini yake jioni, akaifungua kesho yake mapema. Saa moja asubuhi silinda ilikuwa mezani. Nikapima: chembe moja. Mchana mdogo wangu akaja na yake. Muosha Magari alikuwa ametumia ile pampu hadi saa sita na nusu, akaizima ale, na mdogo wangu akaifungua haraka haraka ili nimalize kabla baba hajaamka. Aliileta imefungwa kitambaa kwa sababu mikono ilikuwa inamuungua kidogo. Nikapima: chembe nne.

Nilipima tena. Nne.

“Labda ni mwanzo tu,” nilimwambia, kwa sababu uso wake ulikuwa umeshuka. “Mpako na ringi za pistoni bado havijazoeana.”

Saa mia mbili: baba moja na nusu, mdogo wangu nne. Saa mia tatu: baba mbili, mdogo wangu nne na nusu. Msomaji mwenye macho ameshaona jambo hapo. Mimi niliyekuwa na macho, miwani, taa ya meza na cheti, sikuona. Nilichoona ni kwamba mpako umeruka mwanzoni halafu unakwenda taratibu, nikalitafutia jambo hilo maelezo mazuri, nikaridhika nayo.

Saa mia nne zilitimia siku mvua ilipoanza. Siku tatu ilinyesha bila kupumzika, na nani ataosha gari kwenye mvua? Pampu zote zilikaa kimya. Mdogo wangu aliifungua injini yake bila haraka, akaja akajikung'uta maji mlangoni, akaniwekea silinda mezani. Nikaingiza geji. Mshale ukasimama kwenye nusu. Nusu chembe, hata moja haijafika.

Sasa, silinda haipungui. Chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi ukutani. Safari iliyopita tundu lilikuwa limepanuka chembe nne na nusu, leo nusu tu, hayo hayawezekani. Nilitoa geji nikaifuta, nikapima. Nusu. Nikapima kwa juu, kwa chini, kwa kuvuka. Nusu, nusu, moja kasoro. Mwanangu mdogo alikuwa na homa nyumbani, nilikuwa sijalala vizuri, paa lilikuwa linavuja juu ya mashine ya baba na nilikuwa nimeweka ndoo tatu. Nikajiambia geji imepata unyevu. Nikachukua kalamu, nikaandika nne na nusu, ile ile ya safari iliyopita, nikisema nitairekebisha safari ijayo.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Nilimwona anatazama daftari, na nilidhani anasikitika tu. Akafunga silinda yake, akasema, “Haya, dada,” akatoka na mvua yake.

Saa mia sita. Baba tatu. Mdogo wangu tano.

Nilimpelekea mdogo wangu habari kwenye kile kibanda chake, kwa miguu, njia nzima natafuta maneno. Alikuwa anakoroga kitu kwenye ndoo. Hakuinua kichwa.

“Umeandika tano,” alisema.

“Ndiyo.”

“Sawa, dada. Umeandika.”

Hakuomba nipime tena. Hakubisha, mtu ambaye alibisha hata saa ya ukutani. Ndani ya wiki mbili alirudisha tangi la watu, akakusanya vitu vyake, akapanda basi la asubuhi kwenda kule kiwandani, mwendo wa saa tisa. Alimuaga mama, akanikumbatia mimi, akapita mbele ya karakana bila kusimama. Baba alikuwa ndani. Alisikia hatua zake, namjua baba, aliacha kupiga nyundo.

Na baba, mshindi? Nilijiandaa kusikia majigambo ya mwaka mzima. Hayakuja. Siku ya pili baada ya kipimo cha mwisho alinijia mezani, akasimama, akasema, “Ahsante, mama.” Baba aliniita mama pale moyo wake ulipokuwa laini, mara mbili au tatu kwa mwaka. Nikashangaa: ahsante ya nini? Nimepima silinda, ndiyo kazi yangu. Kisha akawa mtu wa kimya. Alikuwa akitoa laina kwenye kasha anaigeuza mkononi dakika nzima kabla ya kuisukumiza. Chakula akawa anakigusa tu. Nilimvumilia miezi miwili, siku moja nikamlipukia.

“Umeshinda, baba! Sasa unanuna nini?”

“Nani amenuna?” alisema, akatoka nje kuangalia mawingu.

Ilikuwa miezi minane baadaye ndipo nilipofunguka macho, na aliyenifungua hakujua amefanya nini. Alikuwa mkulima wa mboga, mwenye injini ya alumini ya kumwagilia. Aliileta adhuhuri, imelala kwenye kitoroli juani tangu asubuhi. Nikaipima mbele yake, nikamwambia imechakaa, inataka laina. Akasema sawa, anaiacha. Kesho yake saa moja niliipima tena ili nipange mashine. Chembe nne nilizosoma jana yake hazikuwepo. Nikapima tena. Hazikuwepo. Nikakaa chini, sakafuni, kwenye vumbi la chuma, na suruali yangu safi.

Joto. Alumini ikipata joto inavimba, na tundu lake linapanuka nayo, mara mbili ya chuma. Ndiyo maana kila kipimo huchukuliwa kitu kikiwa kimepoa. Hili nilifundishwa. Si kufundishwa tu. Niliulizwa kwenye mtihani, nikajibu, nikachora na mchoro, mwalimu akaandika “vizuri sana” pembeni kwa kalamu nyekundu. Kisha nikaja kufanya kazi miaka kumi na minne katika karakana ambayo karibu injini zote zilikuwa za chuma na zilitufikia zimepoa tangu wiki iliyopita, nikasahau. Silinda ya baba niliipima asubuhi, baridi. Ya mdogo wangu niliipima mchana, imetoka kwenye injini. Na aliyeweka moja asubuhi na nyingine mchana ni nani? Ni mimi, na akili zangu nyingi, ili nisitumwe.

Zile silinda mbili zilikuwa bado zipo kwenye rafu, kwa kuwa Muosha Magari tulimtilia nyingine baada ya mashindano. Niliziweka mezani pamoja zikalala hapo, asubuhi nikazipima kabla ya jua kufika dirishani. Laina: chembe tatu. Mpako: chembe moja.

Baba alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe. Nilisubiri amalize. Nilikuwa nimesimama kama mtoto aliyevunja kikombe.

“Baba, nimekosea. Zile silinda. Ya mdogo wangu ni chembe moja.”

Akapuliza vumbi kwenye kisu. “Najua,” alisema.

“Unajua?”

“Ile asubuhi baada ya wewe kuandika tano, nilifika mapema. Silinda yake ilikuwa umeiacha mezani. Nikachukua geji, nikaipima. Moja.”

Nilishika ukingo wa meza. “Ukanyamaza! Miezi minane!”

“Nilidhani unanilinda.” Alikuwa hanitazami, anatazama kisu. “Nilidhani umeniona nimezeeka, ukanionea huruma. Nikasema nitakugombeza kesho. Kesho nikasema kesho. Halafu nikaizoea ile huruma.”

“Baba, mimi sikukuonea huruma! Nilipima silinda ya moto!”

Nilikuwa nimepaza sauti hadi Muosha Magari akachungulia juu ya ukuta. Baba aliweka kisu chini, taratibu.

“Hukunionea huruma.”

“Hata kidogo!”

“Hata kidogo,” alirudia, na ninaapa hilo lilimuuma kuliko ile chembe moja.

Nikampigia simu mdogo wangu papo hapo, nimesimama uani kati ya mapipa. Nilimweleza kwa pumzi moja: mchana, joto, alumini, mtihani, kalamu nyekundu. Nilipomaliza akasema neno ambalo nilikuwa nimekwisha kulichukia siku ile.

“Najua.”

“Nyinyi watu mna nini? Unajua nini?”

“Siku ya mvua, dada. Nilikuwa nyuma yako. Niliona mshale umesimama kwenye nusu. Nikaona unaandika nne na nusu.”

“Na hukusema!”

“Niseme nini? Nikuambie umemchagua baba? Nilifikiri una haki ya kumchagua. Yeye mzee, karakana ndiyo maisha yake. Mimi nina miguu, naweza kwenda.”

“Sikumchagua mtu yeyote! Nilidhani geji imeloa!”

Akasema polepole, “Basi wewe ni fundi mbaya sana,” na sauti yake ilikuwa inacheka na kutetemeka kwa pamoja.

“Ndiyo! Mimi ni fundi mbaya! Na ningejua siku hiyo hiyo kama mmoja wenu angefungua mdomo wake mwenyewe!”

Nililia pale kati ya mapipa, kwa hasira hasa, nisidanganye. Kila mtu alijua kipimo isipokuwa mpimaji. Wawili hawa walikuwa wamekaa miezi minane, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja akibeba kimya kimya upendo ambao mimi sikuwa nimeutoa, wala mmoja hakuuliza. Nilipojipangusa nikamwambia arudi nyumbani, sharti limetimia, chumba cha nyuma ni chake.

“Sasa nina kazi huku, dada. Na baba hajaniambia nirudi.”

Nikaingia ndani nikamwambia baba: anasema hujamwambia arudi. Nikaongeza kwamba hilo ndilo neno la mwisho ninalolibeba, na wakinipa jingine nitalitupa mtaroni. Siku hiyo baba alitia laina mbili, akaziharibu zote mbili.

Siku ya tatu alifika karakana amevaa shati la harusi za watu na viatu vyenye kiwi. Akazifunga zile silinda mbili kwenye magazeti, akaziweka ndani ya mfuko, akachukua geji na kasha lake. Baba yangu hakuwa ametoka katika mji ule miaka tisa. Alikuwa akiugua kichefuchefu kwenye basi.

“Naenda,” alisema.

“Ngoja nibadilishe nguo. Tunakwenda wote.”

“Wewe baki. Ukienda utatusemea.”

Akaondoka, mfuko umemlemea upande mmoja. Mama aliposikia alizima redio, jambo ambalo sikuwahi kuliona mchana.

Tulimtarajia siku mbili. Alikaa tano. Nilipiga simu, mdogo wangu alinijibu kila mara kwamba mzee hajambo, wana kazi kidogo. Kazi gani? Kazi kidogo. Siku ya sita baba alishuka kwenye basi amekonda usoni, na ncha za vidole vyake zilikuwa za kijani, kijani cha maji ya nikeli, hadi chini ya kucha. Alikunywa maji vikombe viwili, akaja karakana moja kwa moja na shati lile lile.

“Zile mashine mbovu za chumba cha nyuma ziondolewe,” alisema. “Matangi yanakuja mwisho wa mwezi. Silinda zilizokwisha kutobolewa vibaya zitaendelea kuwekwa laina, hizo mpako hauziwezi. Zilizo nzima apake. Hata yeye amekubali.”

“Mlizungumza nini?”

“Tulipima.”

“Siku tano?”

Aliniangalia kama naulizia mambo ya watu nisiowafahamu, akaenda kunawa mikono. Ile rangi ya kijani haikutoka.

Nikampigia mdogo wangu. Nikamwuliza baba amesema nini, amesemaje, amekaa wapi, nani alianza kusema. Alinisikiliza hadi nikaishiwa.

“Ah, dada,” alisema. “Hayo hayakuhusu.”

Hayanihusu! Mimi niliyebeba kila neno lao mwaka mzima na nusu! Nilikata simu, nikaingia chumba cha nyuma, nikaanza kuburuta zile mashine peke yangu, na sikumsemesha hata mmoja wao hadi Jumatano.

Walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Waligombana kila siku, kwa vinywa vyao wenyewe, hata Muosha Magari akaongeza urefu wa ukuta. Nilipowauliza tena juu ya zile siku tano, na niliwauliza kila mwaka, kwa hila na kwa vitisho, baba alibadili mazungumzo na mdogo wangu alikumbuka kazi ya nje.

Baba tulimzika mwaka juzi. Wiki moja baadaye tulifungua karakana, sisi wawili tu. Tulifanya kazi hadi karibu na mchana, kisha mdogo wangu akazima mashine, akageuka, macho mekundu.

“Dada, nikuambie alichoniambia kule?”

Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kusema ndiyo.

“Hapana,” nilimwambia. “Hayo alikuambia wewe.”